Shemeji Yangu, Waziri wa Vita

Watu wanaosema marehemu shemeji yangu Mwinjuma alikuwa dobi tu, hao hawanijui mie. Nikiwasikia huwa nawasimamisha hapohapo njiani. Nawaambia, dobi alikuwa, sikatai, lakini alikuwa pia Waziri wa Vita, kisha akawa Lodi, kisha akawa mume wa Kwini. Haya, tajeni wa kwenu aliyepanda hivyo. Wengine wanashika njia. Wengine wanacheka, na wanaocheka siwapi hata maji ya kunywa.

Mie ni Zuena binti Bakari, mzaliwa wa Mwananyamala, tangu Mwananyamala ni mikorosho na minazi na mtu akienda mjini anaaga. Tulizaliwa wawili tu, dada yangu Tunu na mie. Mama alitangulia mbele ya haki tukiwa wadogo, baba akatulea mwenyewe, hakutuletea mama wa kambo. Siku za kazi baba yetu, Mzee Bakari, alikuwa muuza nazi. Jumapili alikuwa Kingi.

Nyie ngoma ya beni hamkuiona, kwa hiyo tulieni niwaeleze, na asinikate mtu maneno. Ilikuwa ngoma ya tarumbeta na dramu kubwa, watu wanapiga gwaride kwa sare, na kila mtu ana cheo kilichochukuliwa kwa Wazungu. Tulikuwa na Kingi, tulikuwa na jenerali, mawaziri, mapolisi, hata daktari wa ngoma aliyewapima watu kifua kwa kifuu cha nazi. Msione ni mchezo wa watoto. Mwanachama akiumwa ngoma inamuuguza, akifa ngoma inamzika, akigombana na mkewe Kingi anaitwa kuamua. Neno la Kingi lilikuwa sheria kuanzia kwetu mpaka Kinondoni. Wapinzani wetu walikuwa Temeke. Dramu yao ilikuwa kubwa kuliko yetu na hilo sijawasamehe mpaka leo.

Sasa ngoma yetu ilikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyomtesa shemeji yangu. Ilisema hivi: anachofanywa wa Landani, na wa hapa afanywe. Wa huko akipanda, wa kwetu anapanda. Wa huko akianguka, wa kwetu anavua kofia siku hiyohiyo habari inapofika.

Aliyeileta kanuni hiyo ni baba mwenyewe. Mnajua, kabla ya vita, Kingi wa Landani aliacha kiti chake, mzima wa afya, kwa ajili ya mwanamke. Wakati huo Kingi wetu alikuwa mzee mmoja mnene, Mzee Mwinshehe, amekalia kiti tangu baba hajaota ndevu. Baba akasimama barazani akamwambia, mwenzako katoka, na wewe toka. Mzee Mwinshehe akajitetea kwamba yeye hana mwanamke mwingine zaidi ya mkewe. Baba akamjibu asiwe na wasiwasi, mwanamke atatafutiwa. Basi maneno yale yakamfikia mke wa Mzee Mwinshehe jikoni, mama wa watu akatoka na mwiko mkononi, na adhuhuri haijaadhiniwa kiti kilikuwa kitupu. Baba akakikalia. Kwa hiyo muelewe, lile taji la bati alilovaa baba lilisimama juu ya kanuni ile, na asingeweza kuigusa hata kama angetaka.

Cheo cha Waziri wa Vita zamani hakikuwa na wa kukigombea. Alikuwa amepewa mzee mmoja wa kusinzia, kwa kuwa vita hakuna. Vita vya pili vya Mjerumani vilipoanza, kila mwanamume wa Mwananyamala akataka kuwa Waziri wa Vita. Lakini kiti hicho huko Landani kilikuwa cha moto jamani. Hamkai mkatulia, mara waziri katoka. Mmoja wa kwetu alikuwa bado anapimwa sare, fundi kamzungushia tepu kiunoni, Leonardi akaingia na gazeti: mwenzake kaondoka. Fundi akakunja tepu yake akaenda zake. Mwingine, wa Landani alihamishiwa Mambo ya Nje, nasi wa kwetu tukamhamishia Mambo ya Nje, maana yake akatumwa Temeke kwa mazungumzo. Alirudi jioni ametukanwa mpaka bibi yake mzaa mama, na ngoma akaacha.

Huyo Leonardi niliyemtaja ndiye karani wa ngoma. Alitoka kusini, upande wa Ndanda, Mkristo, mtu mpole mwenye koti moja. Alikuwa karani kwenye duka la vitambaa la Mhindi mjini, na Jumapili akitoka kanisani alipita kwetu kutusomea gazeti. Gazeti lilitufikia limechakaa, limepita mikono ya watu, habari zake zimeshachacha huko zilikotoka. Kwetu zilikuwa mbichi.

Basi watu wakakiogopa kile kiti. Ndipo akajitokeza Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa dobi kwenye nyumba ya Mzungu mmoja kule Oysterbay. Alifua, akatia kanji, akapiga pasi ya mkaa, na nguo aliyoinyoosha yeye ukiiweka chini ilisimama wima yenyewe ikakungoja. Alimpenda dada yangu Tunu. Alikuwa ameshatuma wazee kuja kuposa, baba akawarudisha na maneno ambayo yalizunguka mtaa mzima. Alisema binti yake hawezi kumpa mtu anayefua chupi za watu. Binti wa Kingi anaolewa na mtu wa cheo. Akaongeza kwamba Mwenyezi Mungu hakumjalia mtoto wa kiume, kwa hiyo atakayemwoa Tunu ndiye atakayemwita mwanangu, na neno hilo halitoi ovyo. "Huyu mimi nitamwita Dobi," akasema, "na akipita hapa ataitika."

Lile neno la mwanangu ndilo lililomkaa shemeji rohoni. Baba yake mzazi alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi vita vya kwanza, Mwinjuma yuko mgongoni kwa mama, na hakurudi. Hakuna mwanamume aliyewahi kumwita mwanangu, kwa heri wala kwa shari. Alimtaka Tunu, na alitaka kuitwa hivyo na baba wa Tunu, na kwake yeye hayo yalikuwa jambo moja. Akaenda kwa baba akasema kiti kile cha moto atakikalia yeye.

Loo, tulipata waziri! Siku ya kwanza ya gwaride suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungekata papai. Watu wa Temeke walitunga wimbo kwamba suruali ile ni ya bwana wake, inavaliwa Jumapili inarudi kabatini Jumatatu. Waliimba:

Waziri wa Mwananyamala, anapigana na koroboi,
Suruali imenyooka, mwenyewe yuko Oysterbay!

Uongo mtupu. Alifanya hivyo mara moja tu, na aliifua kabla ya kuirudisha.

Hilo la koroboi lilikuwa kweli. Serikali iliamuru mjini taa zizimwe jua likizama, ndege za adui zisije zikaona. Umeme ulikuwa mjini, sie Mwananyamala tulikuwa na koroboi zetu za bati ambazo hata mwenye nyumba hakuona nazo vizuri. Mwinjuma hakujali. Magharibi ikiingia anapita nyumba kwa nyumba na filimbi: zima, funika, weka nyuma ya mlango. Asubuhi anamkuta Bi Yustina, yule mama wa kusini aliyekaanga vitumbua karibu na kisima, anamwambia moshi wake unaonekana kutoka angani. Bi Yustina akamuuliza kama huyo adui anatoka kwao mbali kote huko kufuata vitumbua vyake. Mwinjuma akasema inawezekana. "Basi akija nitamuuzia," Bi Yustina akasema, "na wewe usipoondoka mbele ya wateja wangu utakuwa wa kwanza kuona vita." Waziri akarudi nyuma kwa mpango, ndivyo alivyotueleza yeye mwenyewe.

Mcheke, lakini baba alifurahi. Alimwona mtu anayefanya kazi ya cheo chake. Ngoma ikapata adabu, vijana wakawa wanachomekea shati, na jirani wakaanza kumwambia baba, mkwe wako huyo ni mtu. Baba akawa anaguna tu, lakini mguno wake ulikuwa wa kuridhika. Mwishowe akatamka mbele ya watu kwamba baada ya mavuno ya mpunga Tunu ataolewa na Waziri wa Vita, na siku ya ndoa atalitamka lile neno. Mwinjuma siku hiyo alirudi Oysterbay akaunguza shati la bwana kwa pasi, mara ya kwanza maishani mwake.

Mpunga ulikuwa bado kijani Leonardi alipokuja na gazeti.

Ilikuwa Jumapili, barazani kwetu, ngoma nzima imekaa. Leonardi akasoma habari za bei ya kopra, akasoma habari za askari wetu walioko mbali, kisha akafika mahali akasimama. Akafuta jasho. Baba akamwambia asome, mbona anatuchelewesha. Leonardi akasoma kwa sauti ya mtu anayekiri kosa kwamba Waziri wa Vita wa Uingereza ameondolewa. Watu wakaguna. Akaendelea. Kiti chake kimepewa mkubwa wa makarani wa wizara yake mwenyewe.

Halafu vichwa vyote vikageuka vikamtazama Leonardi, karani wetu, na lile koti lake moja.

"Mie sikuomba," Leonardi akasema. "Nimesoma tu."

Na kweli hakuomba maskini. Hata nyumbani kwake aliongozwa na mkewe. Lakini kanuni haikuuliza mtu anataka nini. Mwinjuma akasimama. Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka juu ya magoti ya Leonardi. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na Tunu nyuma yangu, nikasikia pumzi yake shingoni mwangu. Mwinjuma akamtazama baba. Sote tulijua anamtazama kwa nini. Baba angeweza kusema neno dogo tu, hata la kumpoza mtu moyo. Akaangalia pembeni.

"Dobi," akasema, "ukitoka rudishia mlango wa uani, mbuzi wasiingie."

Mwinjuma akaurudishia. Taratibu kabisa, hata komeo halikulia.

Mie nilimchukia baba yangu siku ile, nasema wazi. Kesho yake baba aliporudi kutoka kuuza nazi akaletewa ugali mkavu na mchicha uliochemshwa kwa maji. Akauliza tui liko wapi. Tunu akamwambia nazi zipo uani, mbuzi ya kukunia ipo, na mikono anayo. Kuanzia hapo nyumba ya muuza nazi ikala bila nazi. Baba alikuwa mtu wa kupenda tui jamani, wali wa maji kwake ulikuwa ni adhabu ya jela. Akanigeukia mie nikune. Nikamwambia bega linaniuma. Bega lilikuwa zima.

Mwinjuma aliendelea kupita mbele ya nyumba kila asubuhi akienda kazini, maana njia ni hiyohiyo. Alisimama, akasema shikamoo mzee. Baba akajibu marahaba Dobi. Akaenda zake. Hakuacha hata siku moja, hata siku za mvua, na Tunu alikuwa dirishani kila siku akimhesabia mtu huyo heshima ambayo baba hakuiona.

Leonardi naye aliteseka upande wake. Kofia ilimshuka mpaka masikioni. Filimbi alipiga kwa woga, mtoto akilala haamki. Alipokwenda kumwambia Bi Yustina afunike moto, Bi Yustina alimjibu kwa Kimakua, lugha ya kwao wote wawili, na alichoambiwa Leonardi hakutaka kututafsiria. Isitoshe kanuni ilimvua ukarani, kwa sababu yule wa Landani aliacha ukarani alipopewa uwaziri. Na karani mwingine anayejua kusoma hatukuwa naye. Ikabidi Waziri wa Vita ajisomee gazeti mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mpunga ukaanza kugeuka rangi, na gazeti lingine likaja. Siku hiyo Leonardi alikuja mbio. Alikuwa ameshalisoma njiani, akakaa, akasimama, akakaa tena. Akasema yule waziri aliyeondolewa amepewa ulodi.

Baba akauliza ulodi ni kitu gani, ni ugonjwa?

Leonardi akaeleza. Lodi ni mtu mkubwa anayekaa kwenye baraza la malodi, anavaa joho jekundu. Baba akauliza kati ya lodi na waziri mkubwa nani. Leonardi, ambaye ile kofia ilikuwa inamla masikio, akavuta pumzi.

"Waziri anafukuzwa, mzee," akasema. "Lodi hafukuzwi. Ni mpaka kaburini."

"Hafukuzwi kabisa?"

"Kabisa. Na akifa, mwanawe wa kiume anarithi."

Nilimwona baba anapiga hesabu ya wajukuu. Ndani Tunu alikuwa ameshachukua mbuzi ya nazi, nikasikia anaanza kukuna, kwarakwara, na baba naye alisikia, maana koo lake lilipanda likashuka. Akaagiza Mwinjuma aitwe.

Alikuja na kanji imemkaukia mikononi. Akapiga shikamoo. Sote tulikuwa tunalingoja lile neno, hata wale wasiojua walijua kuna kitu. Baba akafungua kinywa. Akakifunga. Ubishi wa mzee yule, Mungu amrehemu, ulikuwa haujapata wa kuuvunja.

"Lodi," akasema. "Mchukue."

Basi wakaoana, mavuno yalipoisha, kwa shangwe mpaka Temeke walikuja kula. Baba aliwaambia wageni, nimemwozesha lodi, nimemwozesha lodi, akarudia mpaka sheikh akamuuliza kama huyo bwana ana jina. Shemeji alicheka na watu siku nzima. Lakini mie nilikuwa karibu alipokwenda kumuaga baba, nikaona anasubiri kidogo, ameinamisha kichwa. Baba akamwambia awe makini na shimo pale mlangoni. Leonardi alirudi kwenye ukarani wake anachekelea, na kwa furaha ya siku ile hakuna aliyemuuliza kanuni. Kiti cha Waziri wa Vita hakikupata mtu tena, na vita tulishinda hivyohivyo.

Miaka ikaenda. Mbele za wageni Mwinjuma aliitwa Lodi. Wageni wakiondoka aliitwa Dobi. Kila Ijumaa alimletea baba kanzu iliyonyooshwa, ameibeba mikononi isipate hata kunyanzi, na baba aliipokea akasema Dobi, kola hii vipi? Kola ilikuwa haina kitu. Nikimwambia baba mtu huyu ana jina, baba aliniambia mie nimeolewa lini hata nijue mambo ya wakwe. Na mie nilikuwa nimeolewa, mara mbili, ila hao wanaume siwataji.

Wakapata watoto wawili wa kiume. Baba aliwapenda, aliwaita malodi wangu. Ngoma yenyewe ilishaanza kuchoka, vijana wamehamia dansi la magitaa, dramu yetu imetoboka upande mmoja, lakini baba alikuwa bado Kingi na taji lake la bati lilikuwa bado linang'arishwa kwa jivu.

Halafu siku moja Mwinjuma akarudi kutoka Oysterbay mapema, pasi ikiwa bado ya moto. Alisema bendera mjini zimeshushwa nusu. Kingi wa Landani amefariki.

Jirani waliokuwa barazani walisema masikini, masikini. Halafu mmoja mmoja wakamtazama baba. Sio kwa ubaya. Ni mazoea tu.

Baba akanyanyuka, akaomba maji ya kuoga. Akavaa kanzu safi, ile ya Ijumaa. Akaniambia nigeuze kitanda kielekee kibla, akapanda, akalala chali, akakunja mikono. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema kanuni ni yake. Kwa kanuni hiyo alimtoa Mwinshehe, akamtoa Dobi, sasa imemfikia mwenyewe na hawezi kuikimbia, watu watamwonaje.

Tulidhani ataona njaa aamke. Hakula usiku, hakula asubuhi. Watu wakaanza kuja na mikeka. Temeke walituma ujumbe kuangalia kama ni kweli. Bi Yustina akaja kuniuliza pembeni, kwa nia njema kabisa, kama akaange vitumbua vya watu wa msibani au tungoje kwanza. Baba akafungua jicho moja akauliza kama ni vya nazi. Akaambiwa ndiyo. Akalifumba jicho, chozi likamtoka, lakini hakuamka.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kesho yake midomo ilimkauka, mkono ukawa mwepesi nikiunyanyua. Mzee akishaamua kufa huwa anakufa, hiyo si ajabu, nimeona wengi. Tunu alikaa miguuni pake analia, si kilio cha kubembeleza, kilio chenyewe. Mwinjuma akaingia. Akakaa chini kwenye mkeka.

Nyie fikirini. Mtu huyu ndiye aliyevuliwa kofia kwa kanuni ileile, mtu ambaye aliambiwa arudishie mlango, mbuzi wakafikiriwa kuliko yeye. Angekaa kimya tu, mambo yangekwisha yenyewe.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba," baba akasema kwa sauti ndogo. Lile neno Dobi hakulifikisha.

"Mzee, kanuni ina milango miwili. Kingi huyu amekufa. Yule wa kabla yake hakufa, alitoka kwa miguu yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hilo."

Baba akamgeuzia uso. "Yule alitoka kwa ajili ya mwanamke," akasema.

"Na wewe toka kwa ajili ya mwanamke. Landani kiti amepewa binti mkubwa wa huyu aliyekufa. Binti yako mkubwa huyo hapo, miguuni pako."

Baba akafumbua macho yote mawili. Akamtazama Tunu muda mrefu. Kisha akanitazama mie.

"Na Zuena?"

"Landani kuna mdogo mtu pia," Mwinjuma akasema. "Hakupewa kitu."

Nikasema ahsanteni sana. Baba akacheka, kicheko kikavu kikamgeuka kikohozi, nikamnyanyua, na alipomaliza kukohoa akaomba uji. Uji wa tui. Alikunywa bakuli mbili, na Bi Yustina akaambiwa akaange, wageni wapo.

Jumapili tukamtawaza Tunu. Mwinjuma alinyoosha nguo za ngoma nzima, alikesha na mkaa, hata bendera aliitia kanji ikawa haipepei. Tunu alivaa gauni jeupe na mkanda wa kijani. Jamani dada yangu alikuwa mzuri, na nasema hivyo huku nikiwa na kinyongo changu. Leonardi, mvi zimemjaa sasa, alipanga msafara kama gazeti lilivyosema. Kwini mbele, Kingi mstaafu pembeni yake wa kukabidhi taji, maofisa, dramu. Mume wa Kwini akawekwa nyuma, karibu na dramu iliyotoboka. Mwinjuma akaenda kusimama huko na kofia yake ya zamani ya uwaziri, aliyorudishiwa na Leonardi.

Tarumbeta ikalia. Baba akapiga hatua moja, akapepesuka, ile njaa ilikuwa haijamtoka. Akasimama. Akageuka akatazama nyuma, akaanza kutafuta kwa macho kwenye msafara.

"Mwanangu yuko wapi?" akasema.

Watu wakatazamana. Wote tulijua mzee hana mtoto wa kiume. Mtu mmoja akasema kwa chinichini kwamba njaa imempanda kichwani.

"Mwinjuma," baba akaita. "Mwanangu. Njoo mbele hapa unishike mkono."

Leonardi akakohoa. Alikuwa mtu wa haki mpaka mwisho, hakuweza kunyamaza. Akasema kwa heshima kwamba Landani mume wa Kwini hutembea nyuma.

"Hapa Mwananyamala," baba akasema.

Mpiga dramu alisahau kupiga. Shemeji yangu alitoka kule nyuma anakuja, mwanzo kwa gwaride, kisha gwaride likamshinda akawa anatembea tu, kisha akakimbia, mtu mzima na suruali yake ya mkunjo. Kofia ikamdondoka vumbini na hakugeuka kuitazama, yeye ambaye asingeacha hata kitambaa cha jasho kiguse ardhi. Akaushika mkono wa baba. Wakaondoka hivyo, Tunu kushoto, yeye kulia, baba katikati anamwambia angalia shimo.

Kofia niliiokota mie. Nikaipangusa, nikaivaa, nikaenda kusimama nyuma karibu na dramu, kwa sababu palikuwa pamebaki wazi.